Maili za Padre

Wenzangu wa umri huu wakiandika habari za maisha yao huanza kwa kumshukuru Mungu na wazazi. Mimi nitawashukuru baadaye. Naanza na wivu, maana bila wivu nisingekuwa na cha kuandika, na gari langu lisingetoka getini siku ile.

Mtu niliyemwonea wivu nitamwita Bwana Mifugo. Ndivyo anavyoitwa na kila mtu, kuanzia Mirongo mpaka Buhongwa anakokaa, kwa sababu alikuwa afisa mifugo mpaka akastaafu na jina la kazi likamganda kama kupe. Tumezaliwa kijiji kimoja, upande wa Magu, msimu mmoja wa kilimo. Hapo ndipo penye ugomvi. Mama yangu alisema mimi nilizaliwa wakati wa kupanda na yeye akaja wakati wa palizi. Mama yake alisema kinyume. Kwao walikuwa Wakristo, kwa hiyo ana kadi ya ubatizo yenye tarehe. Kwetu tulikuwa watu wa mambo ya mababu, hakuna karatasi yoyote inayosema nilikuja lini duniani. Yeye ana tarehe, mimi nina neno la mama yangu. Na tarehe moja huwezi kuilinganisha na hewa. Kwa hiyo miaka zaidi ya sabini hatujajua nani mkubwa, na miaka zaidi ya sabini hakuna aliyemwamkia mwenzake shikamoo. Tukikutana tunasalimiana Kisukuma. "Mwangaluka." "Mwangaluka." Halafu kila mmoja ananyamaza kidogo, anasubiri kuona kama mwenzake ataongeza neno. Haongezi.

Shule tulianza pamoja. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akaendelea. Sililii jambo hilo. Darasa la nne langu limejenga nyumba mbili na gereji hapa Buzuruga, na wapo wenye vyeti ukutani wanaokuja kuniomba kazi. Nilichomwonea wivu si shule. Ni gari.

Sote wawili tuna magari ya aina moja, stesheni wagoni za Kifaransa za zamani, zile za giya ya kwenye usukani, ndefu nyuma kama zimebeba jeneza. Zamani ndizo zilikuwa teksi za kwenda Musoma na Shinyanga. Langu nililipata hivi. Nilikuwa utingo wa malori ya pamba, nikawa dereva wa malori hayo, na siku moja nikaona bodi la stesheni limetupwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, kuku wanataga ndani. Nikaliomba. Injini niliitoa Bunda, nikaivuta sehemu ya njia kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mlango wa kushoto ni wa gari jingine kabisa, niliukata na kuuchomelea mpaka ukakubali. Miaka mitatu nilikuwa nalala na grisi kwenye kucha.

La kwake alilipata hivi. Padre mmoja Mzungu alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akamwita, akaweka ufunguo mezani, akamwambia, "Chukua. Ng'ombe wa misheni umewatibu vizuri."

Basi. Hakuna zaidi. Mimi nilijenga gari kama mtu anavyojenga nyumba, yeye alilipokea kama mtu anavyopokea chai. Na ni jeupe mpaka leo, rangi ileile ya padre.

Na nani amelitengeneza miaka yote hiyo? Mimi. Kila plagi, kila breki, kila bomba la moshi. Analileta, ananiita "Fundi", anakaa kwenye benchi, ananyoosha suruali yake yenye mkunjo, anasoma gazeti mpaka nimalize.

Sasa siku moja, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa ndio kwanza nafungua kufuli, akaingia na gari lake na karatasi mkononi.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka."

Tukanyamaza kidogo, kama kawaida.

"Kuna mashindano," akasema. "Magari ya zamani. Watu wanakuja nayo kutoka Arusha, wengine mpaka Nairobi. Yataanzia hapa mjini, yatashika barabara ya Musoma, halafu yataingia njia za vumbi kandokando ya ziwa. Nimeandikisha langu. Naomba uniangalizie kila kitu."

Gari lisilo na tone hata moja la jasho lake, sasa linakwenda kupigiwa makofi.

"Hata mimi nimeandikisha langu," nikasema.

"Aa! Vizuri sana. Mbona jana jioni sikuliona kwenye orodha?"

"Nimeandikisha leo asubuhi."

Akatazama saa yake ya mkononi. Saa moja na nusu. Jogoo wa jirani bado alikuwa anawika. Akatabasamu, akashusha mkono. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote: anakukamata, halafu anakuachia.

Ndiyo maana nikaropoka. Nikamwambia, "Sikiliza, Bwana Mifugo. Ubishi wa nani mkubwa umetuchosha. Atakayeshindwa kwenye mashindano haya atamwamkia mwenzake shikamoo. Mbele za watu."

Akakunja ile karatasi mara mbili, taratibu.

"Mbele za watu?"

"Kwa sauti."

"Nimekubali, Fundi."

Mchana huo nikamtuma mke wangu akaniandikishe. Yeye anauza dagaa sokoni Mirongo, amemaliza la saba, na karatasi zote za nyumba hii anazisoma yeye. Alirudi na fomu, namba ya kubandika mlangoni, na habari ambayo ilinikata maini.

"Mzee, haya si mashindano ya mbio."

"Kwani ni ya nini?"

"Ya muda. Wanakupa kitabu cha njia. Kimeandikwa: baada ya kilomita kadhaa kata kulia, baada ya kadhaa kata kushoto, fika hapa saa fulani na dakika fulani. Ukichelewa unakatwa alama. Ukiwahi unakatwa alama."

"Ukiwahi nako ni kosa?"

"Nako ni kosa."

"Hayo ni mashindano au mahakama?"

"Ndiyo hivyo. Msomaji wa kitabu anakaa kiti cha kushoto. Atakuwa mimi, au una mwingine?"

Sikuwa na mwingine. Lakini nilianza kufikiri. Kama ni mashindano ya kilomita na mwendo usiobadilika, basi kitu kikubwa si injini. Ni saa ya mwendo. Kwa asiyejua, saa ya mwendo ni ile duara ya kwenye dashibodi: ina sindano inayoonyesha kasi, na chini ya sindano zipo tarakimu ndogo zinazozunguka kuhesabu umbali. Ya kwangu sindano yake ilikuwa inacheza. Ukiwa mwendo wa hamsini inaruka thelathini, inaruka sabini, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Sikuwahi kujali. Dereva wa kweli anasikia mwendo kwa makalio. Lakini mke wangu hawezi kuandika makalio yangu kwenye daftari.

Na hapo hapo, chini ya paa langu, lilikuwa limeegeshwa gari la padre, na sindano yake imetulia kama mshumaa kanisani. Alikuwa ameliacha kwangu siku mbili.

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, wasaidizi wangu walikwenda kula. Mimi sikwenda. Nilifungua dashibodi ya gari lake, nikachomoa saa. Nikafungua ya kwangu, nikachomoa. Nikaziweka mbili kwenye benchi, palepale anapokaa akisoma gazeti.

Kuzibadilisha zima zima angejua, maana ya kwake uso umeandikwa maili. Gari lake lilikuja nchini kabla ya langu, enzi za maili. Langu ni la baadaye kidogo, uso umeandikwa kilomita. Nikafanya kazi ya akili. Nikatoa nyuso zote mbili, nikabadilisha matumbo. Tumbo la kwake likaingia nyuma ya uso wangu, tumbo langu likaingia nyuma ya uso wake. Tarakimu nazo nikazizungusha kwa bisibisi mpaka kila gari likasoma namba yake ya zamani. Ukitazama kwa nje, kila gari lina uso wake uleule. Nikajiambia huo si wizi. Gari lote lile limesimama kwa mikono yangu, nimechukua kisehemu tu cha kazi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na skrubu ya mwisho nikaifunga huku natazama getini.

Nikaendesha langu mpaka Igoma na kurudi. Sindano ilikuwa imetulia! Nikaitazama njia nzima, nusura nimgonge mbuzi. Sikutazama kingine chochote.

Alipokuja kulichukua la kwake aliliendesha mpaka kona, akarudi, akashusha kioo.

"Sindano imeanza kucheza, Fundi."

"Uzee."

"Wa nani?"

"Wa gari."

Akacheka. Akasema, "Basi na icheze, sisi wazee tuicheke." Akaondoka zake, akapunga mkono. Nikabaki nimesimama na kitambaa cha grisi, nikasikia raha mbaya mbaya, kama ya kujikuna kidonda.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Magari yalipangwa kiwanjani mjini kuanzia asubuhi, na sitasema uongo, yalipendeza. Mengine yalikuwa na taa kama macho ya chura. Mke wangu alivaa kitenge kipya, akafunga riboni nyeupe kwenye boneti.

"Riboni za nini?" nikamuuliza.

"Wenzako wote wameremba."

Mkaguzi alipita na kalamu. Akafika kwa Bwana Mifugo, akainama, akagusa rangi, akaita wenzake waje kuona. Wakapiga picha. Mmoja akasema kwa sauti, "Hili halijaguswa kabisa!" Halijaguswa! Nimeligusa miaka arobaini! Bwana Mifugo amesimama pembeni na suti yake, mikono nyuma, kama aliyelizaa.

Kisha mkaguzi akaja kwangu. Akazunguka mara mbili.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Huu mlango wa kushoto ni wa gari gani?"

"Ni wa gari hili."

"Naona kama..."

"Ni wa gari hili tangu kabla hujazaliwa."

Akaandika kitu, akaenda. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, anacheka.

Msomaji wa kitabu wa Bwana Mifugo alikuwa katekista wa kanisa lao, mtu mwembamba, ameshika kile kitabu cha njia kwa mikono miwili kama yupo altareni. Waliondoka dakika moja kabla yetu. Bendera ikashushwa, nikaingiza giya, tukatoka.

Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Tarakimu za saa yangu hazirudi sifuri, kwa hiyo mke wangu aliandika daftarini namba ya kuanzia, akawa anatoa na kujumlisha. Tukapita Buzuruga, watu wa gereji yangu wamejipanga barabarani wanapiga madebe. Tukapita Igoma, tukapita Kisesa. Sindano imetulia pale nilipoitaka. Nikasema moyoni, leo Bwana Mifugo ataniamkia mpaka koo limkauke.

"Kilomita ya kumi na nane tunakata kushoto," mke wangu akasema. "Njia ya vumbi kuelekea ziwani."

"Sasa tuko ngapi?"

"Tisa na kidogo."

"Bado sana."

Baada ya mwendo kidogo, mbele niliona gari jeupe. Ni yeye. Na ghafla likawasha taa ya pembeni, likakata kushoto, likaingia njia ya vumbi.

Nilipiga usukani kwa furaha. "Amepotea! Mama, amepotea! Kumi na moja tu na ameshakata!"

"Mzee, lililokuwa mbele yake nalo limekata."

"Wamepotea wote wawili."

"Na hili la kijani lililotupita nalo linakata."

"Kondoo! Akiingia mmoja shimoni wanamfuata. Sisi tunafuata saa."

Mke wangu akatazama kitabu, akatazama daftari, akatazama nje. "Hapa napajua," akasema. "Nimepita hapa kufuata dagaa. Njia ya ziwani ndiyo ile waliyoingia."

"Njia za ziwani ziko nyingi. Ziwa lenyewe si kubwa?"

Akanyamaza. Mwanamke yule akinyamaza ni vibaya, lakini mimi nilikuwa natazama sindano. Tukaendelea peke yetu barabarani, mwendo uleule usiobadilika, na mimi nikapiga hata mluzi.

Hesabu ya daftari ilipofika kumi na nane, kweli palikuwa na njia kushoto. Nikakata kwa madaha. Njia ikapita katikati ya mashamba ya pamba, ikapita mawe makubwa, ikaishia kwenye mji wa mtu. Palikuwa na turubai, maspika, masufuria ya pilau, na watu wengi wamevaa vizuri. Walipoona gari la zamani lenye riboni nyeupe linaingia, wanawake wakapiga vigelegele, wakaja mbio. Wakatuzunguka. Mmoja akamwagia boneti maua.

"Bwana harusi yuko wapi?" wakauliza wakichungulia nyuma.

"Ni huyu hapa," mke wangu akasema, akaninyooshea kidole. "Amechelewa kidogo."

Vicheko! Bibi mmoja akaniangalia kupitia dirishani, akasema, "Kidogo tu? Huyu amechelewa tangu zamani za pamba." Wakacheka tena. Na mimi nimeshika usukani, jasho linanichuruzika.

Mwenye mji, mzee wa rika langu, akaja kutuokoa. Tulipomweleza, akatikisa kichwa. "Magari ya zamani yameingia kule nyuma, mmeyapita. Hapa mmeshatoka mjini kilomita ishirini na tisa. Nguzo iko pale barabarani, kaiangalieni."

Tukarudi barabarani. Mke wangu akaniambia nisimame kwenye nguzo. Nikasimama. Akasoma nguzo. Akasoma daftari. Akaandika kitu, akakata mstari chini yake.

"Sindano iko sawa," akasema. "Lakini kumi na nane zetu ni ishirini na tisa za nguzo. Tarakimu zinahesabu maili."

"Haiwezekani. Uso umeandikwa kilomita."

"Uso, ndiyo. Kilichomo ndani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Injini naijua, naweza kuifungua nimefumba macho. Lakini saa sikuwahi kusomea. Nilidhani maili zinakaa usoni. Kumbe zinakaa tumboni, kwenye vigurudumu. Sindano haijui, inasimama palepale kwenye nyuso zote mbili: penye maili hamsini kwa padre ndipo penye kilomita themanini kwangu. Ni tarakimu ndizo zinazojua. Kila nilipodhani nimekwenda kilomita moja, nilikuwa nimekwenda moja na nusu na ziada.

"Mzee," mke wangu akasema, taratibu sana. "Saa hii ni ya nani?"

Nikawasha gari.

"Nimekuuliza."

"Si unajua."

"Nataka ulitamke."

"Ni ya padre," nikasema.

Akafunga daftari. "Padre hakukosea kitu. Ni ya yule mzee uliyekuwa unamcheka njia nzima kwamba amepotea."

Tulifika ziwani tumechelewa zaidi ya saa nzima. Karatasi yetu ilijaa alama za kukatwa mpaka mkaguzi akaandika nyuma. Magari mengine yalikuwa yameshapoa, yameegeshwa kwenye majani karibu na maji, watu wanakula sato wa kukaanga na ugali. La Bwana Mifugo lilikuwa la mwanzo kwenye mstari. Katika magari yote ya Mwanza, lake ndilo lililofuata muda kwa karibu zaidi. Alikuwa ameshapewa kikombe, amekiweka juu ya boneti, ndani ametia maji, anakunywa!

Wakampa kipaza sauti. Akasema maneno machache, ya kisomi, halafu akasema, "Zaidi ya yote namshukuru fundi wangu. Ndiye aliyeniandalia gari. Bila kazi aliyoifanya wiki iliyopita nisingefika kwa wakati."

Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi mengi hivyo maishani, na kila kofi lilinitua shavuni.

Nikasema nimalize. Mimi ni mtu wa ahadi. Nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo.

Akanishika mkono. "Twende tukaone mlango wako," akasema, akanivuta mpaka nyuma ya gari langu, ambako hakukuwa na mtu. Mawimbi madogo tu yanapiga kwenye mawe.

"Usiniamkie pale," akasema. "Wataniuliza kwa nini dereva wa miaka hamsini amepotea barabara ya Musoma, na mimi sipendi kusema uongo."

"Umejua lini?"

"Jumapili. Kutoka kwangu mpaka kanisani ni maili mbili kasoro, tangu naanza kusali pale. Naandika kila safari, ni ugonjwa wa kazi ya serikali. Jumapili saa ikasema tatu. Nikamwambia katekista, ama kanisa limehama, ama Fundi amefanya kitu."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nisemeje? Kitabu cha njia chote ni kilomita. Nilikuwa nakesha kubadilisha maili kuwa kilomita, karatasi tatu nimejaza. Wewe ukaniwekea kilomita ndani bila kuombwa. Sindano inacheza, kweli. Lakini hesabu ilikuwa safi kama maji."

Alikuwa hanitanii. Alikuwa anashukuru kweli. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimchukulia kitu chake kwa wivu, na hata wivu wangu ukamfanyia kazi. Mtu huyu ufunguo unawekwa mezani, anauchukua. Saa yake inaibwa, anapata inayomfaa zaidi. Hata kunisamehe aliniwahi, alishanisamehe siku sita kabla sijajua kama nina kosa.

"Nitakurudishia Jumatatu," nikasema.

"Usinirudishie. Mimi nimeshazoea. Lakini ile nyingine, ahadi ni ahadi."

Nikatazama ziwa. Nikamtazama yeye. Mkunjo wa suruali upo vilevile, baada ya vumbi lote lile. Nikamkumbuka mama yangu na neno lake, kwamba nilizaliwa wakati wa kupanda, na nikamwomba radhi kimyakimya, kwa sababu nilikuwa naliuza neno hilo kwa ajili ya vigurudumu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Aliitikia haraka mno. Hakupumua katikati, hakucheka, hakushangaa. Aliitikia kama mtu aliyekuwa nayo mdomoni tangu tukichunga ndama, anasubiri tu mlango ufunguliwe.

Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari na sahani mbili za samaki. Sijui alisikia nini. Alimpa yeye sahani ya kwanza.

Jioni tukashika njia ya kurudi. Tulipofika Kisesa mke wangu akasema, "Yule ni mtu mstaarabu." Nikamjibu kwamba ustaarabu ni rahisi ukiwa na gari la bure. Akasema, "Haya." Basi.

Siku hizi mambo yamerudi kama zamani. Analileta gari, anakaa kwenye benchi, anasoma gazeti. Ananisalimu "Mwangaluka, Fundi", namjibu "Mwangaluka", halafu tunanyamaza kidogo. Mimi sisubiri tena kitu. Nadhani yeye bado anasubiri, na kutoka kwangu hatapata nyingine. Ahadi ilikuwa moja.

Saa sijairudisha, na yeye hajaiulizia. Nikiendesha, sindano yangu imetulia pale ninapoitaka, hata kwenye mashimo ya Buhongwa. Lakini nikipishana naye barabarani huwa nachungulia dirishani kwake. Nayaona mambo mawili. Sindano yangu mbovu inaruka huku na huku nyuma ya kioo chake, na yeye nyuma ya usukani, haitazami hata kidogo, anapunga mkono.